Maksi Nne kwa Kumi

Baba Mkubwa alipofariki aliacha sanduku la santuri chini ya kitanda, nyumbani Tanga. Mwaka jana akaja mnunuzi wa santuri za zamani. Alizitoa moja moja, akazigeuza juani kutafuta mikwaruzo, kisha akataja bei ambayo ilimfanya Mama Mkubwa akae vizuri kwenye mkeka. Ila, akasema, mifuko ya karatasi imeharibiwa, kuna mtu kaichorachora. Santuri atachukua, makaratasi tubaki nayo.

Huyo mtu aliyeichorachora ni Baba Mkubwa mwenyewe. Miaka ya 1970 alikuwa kibarua bandarini Mombasa, na mshahara ukitoka alinunua santuri mpya moja, akipata mbili. Usiku huohuo aliandika juu ya mfuko: tarehe, bei, maoni yake, na maksi kwa kumi. Hakuwa mwandishi. Alikuwa mpenzi wa muziki mwenye kalamu na hasira za karibu.

Kwanza tuelewe alichokuwa ameshika mkononi. Santuri ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilitolewa na RCA Victor ya Marekani mwaka 1949. Upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika 3 au 4 hivi. Kwa bendi zetu za dansi, hiyo ilikuwa nguo ya kubana. Wimbo wa ukumbini unaanza na hadithi, waimbaji wanalalamika weee, halafu magitaa yanafunguka na watu wanaingia uwanjani. Dakika nne hazitoshi. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: Sehemu ya 1 upande huu, Sehemu ya 2 upande ule, na wewe unainuka kugeuza.

Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Kwa upande wa Tanzania, nyimbo nyingi za bendi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kubaki kwenye tepu. Ulizisikia redioni, hukuzinunua. Ndiyo maana wanamuziki wengi wa Kitanzania walivuka mpaka, na ndiyo maana kijana wa Tanga alilazimika kuwa Mombasa ili aweze kushika mkononi sauti za watu wa kwao.

Mfuko wa “Sina Makosa” wa Les Wanyika unaonyesha hivyo. Bendi hiyo iliundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, wengi wao Watanzania. Baba Mkubwa kaandika: “Besi! Anza na upande wa 2.” Kampa tisa. Leo kila mtu anausifu wimbo huu, na tunausikiliza moja kwa moja bila kukatizwa. Yeye alikuwa na santuri yenye siku moja tu, na tayari alishajua kwamba ukumbini ni upande wa pili utakaofanya kazi.

Sasa asije mtu akadhani namuuza mzee kama nabii. Chukua “Rivers of Babylon” ya Boney M, ya mwaka 1978, wimbo ambao asili yake ni kundi la The Melodians la Jamaica. Upande wa pili kulikuwa na “Brown Girl in the Ring”. Mzee aliandika: “Upande mmoja wa kanisani, mwingine wa chekechea. Maksi tatu.” Chini yake, kwa wino wa rangi nyingine: “Watoto wa jirani wameshinda. Maksi saba.” Kumbe Uingereza nako ilitokea hivyohivyo: wimbo wa kwanza ulishika namba moja, ulipoanza kushuka watangazaji wakageuza santuri, na ileile ikapanda tena hadi namba mbili kwa nguvu ya upande wa pili.

Halafu kuna Queen. “Bohemian Rhapsody” ilitoka Oktoba 1975, dakika 5 na sekunde 55 upande mmoja. Mfuko unasema: “Nyimbo tatu gunia moja. Haichezeki. Katikati anataja neno letu la kuanzia kula, au masikio yangu? Maksi nne.” Wakubwa wa kampuni London nao walihofia urefu huohuo, wakidhani redio hazitaipiga. Zikaipiga, ikakaa namba moja wiki tisa.

Ninachorudia kukisoma ni lile swali la masikio. Mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Baba Mkubwa alikulia ng'ambo ya pili ya maji hayohayo. Alisikia kitu cha nyumbani, akajitilia shaka, akaweka maksi nne, na hakuzibadilisha hata siku moja.

Historia ya muziki tunayoandika sisi waandishi wa habari imejaa washindi: namba moja, mauzo, siku hizi watazamaji wa YouTube. Inatuambia ni wangapi walisikiliza. Haituambii kibarua alikaaje na wimbo ambao bado haujaambiwa kuwa ni mkubwa, akachukia, akaona aibu, akakata maksi na kuziandika upya. Ushahidi huo uko kwenye makaratasi ambayo mnunuzi hakuyataka.

Nilimshauri Mama Mkubwa asiuze. Akanitazama. “Mwanangu, hizo santuri zitaezeka bati?” Sikuwa na jibu. Aliziuza zote, na mvua za masika hazikutukuta na sufuria sebuleni. Makaratasi alinipa mimi, 63, yamefungwa kwa kamba ya katani.

Juzi niliisikiliza “Bohemian Rhapsody” kwenye simu, mfuko uko mezani mbele yangu. Mimi ningeipa nane. Nilishika kalamu, nikairudisha.

Kama kwenu kuna sanduku la namna hii, kabla hujaita mnunuzi, soma kwanza mifuko.