Salamu kutoka Sekenke: postikadi ambayo haikuchapishwa

Wapenzi wa postikadi za zamani wanalijua neno moja la Kijerumani hata kama hawajui Kijerumani kingine: Gruss. Maana yake ni salamu. Kadi inaandikwa "Gruss aus Daressalam", "Gruss aus Tanga", "Gruss aus Zanzibar", yaani salamu kutoka mahali fulani, na chini yake picha: bandari, minazi, jengo la serikali, jahazi. Kwa wakusanyaji hizi ndizo babu wa kila fulana na sumaku ya friji inayotangaza kwamba mwenye nayo anaupenda mji fulani. Milton Glaser alipochora ule moyo mwekundu wa New York katika miaka ya 1970, bila hata kudai malipo, alikuwa anafupisha kitu ambacho posta za Ulaya zilishakizoea kwa karibu miaka 80. Leo ukipita Mji Mkongwe Zanzibar utaukuta moyo uleule umening'inizwa kwenye kanga na fulana, umebadilishwa jina la mji tu.

Nimekusanya kadi hizi kwa miaka kadhaa. Si nyingi, maana bei zake siku hizi ni za watu wenye dola. Na katika albamu yangu kuna pengo moja linalonisumbua kuliko mengine. Upande wa mama ni watu wa Iramba, mkoani Singida. Pale, kwenye ukingo unaoshuka kuelekea mbuga za Wembere, pana Sekenke. Sina kadi ya Sekenke. Nina Dar es Salaam nne, Tanga mbili, Bagamoyo moja iliyopasuka pembe. Sekenke, sifuri.

Wengine mtasema, Sekenke ni wapi hata iwe na postikadi? Swali zuri. Hebu tulichukue polepole.

Postikadi yenyewe si kitu cha kale sana. Ya kwanza ya serikali ilitolewa Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869, karatasi ngumu tupu isiyo na picha. Picha zilikuja baadaye, na zilipokuja zikageuka homa. Kwetu huku, Wajerumani walifungua ofisi za posta Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890, na haikuchukua muda kabla ya ofisa, mmisionari na mfanyabiashara kuanza kutuma nyumbani kipande cha Afrika. Ukitaka kukisia umri wa kadi ya Kijerumani, igeuze. Kama upande wa nyuma wote ni wa anwani tu, basi huenda ni ya kabla ya 1905, maana hadi mwaka huo Ujerumani haikuruhusu ujumbe kuandikwa huko. Ndiyo maana kadi za mwanzo zina maandishi yaliyobanwa pembeni mwa picha, yanapanda juu ya anga, yanazunguka mnazi, wakati mwingine yanapita juu ya uso wa mtu.

Na stempu! Zile za Afrika Mashariki ya Kijerumani zina picha ya Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaiser. Thamani yake mwanzoni ilihesabiwa kwa pesa, 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 wakaleta sarafu mpya, heller 100 kwa rupia, na stempu zikafuata. Heller ndiyo hiyohiyo tunayoiita hela mpaka leo. Kila unapomwambia mtu "sina hela" unataja sarafu ya dola iliyokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lugha haitupi kitu, bwana.

Sasa tuangalie picha zenyewe. Zanzibar wapigapicha wakubwa wa kadi walikuwa Wagoa: Gomes, Coutinho, Pereira de Lord. Dar es Salaam alikuwepo C. Vincenti, na baadaye kidogo Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeacha hazina ya picha ambazo leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Hawa walikuwa mafundi kwelikweli. Mwanga wanaujua, kivuli wanakijua. Lakini soma maandishi ya chini. Mtaa una jina. Jengo lina jina. Meli ina jina. Mtu ameandikwa "askari", "hamali", "mwanamke wa Kiswahili". Mwanamke huyo amekaa studio, amevaa kanga mbili mpya na vipuli masikioni, ameweka mkono shavuni kama alivyoambiwa, na uso wake umeuzwa hadi Hamburg. Jina lake halikuonekana kuwa na kazi yoyote. Wanahistoria kama Christraud Geary na Prita Meier wameandika kwa kirefu juu ya picha hizi, na Meier, anayeijua pwani yetu, anatukumbusha kwamba watu wa pwani nao walizipenda picha, wakazitundika nyumbani na kuzitumia kwa shughuli zao wenyewe. Hilo ni kweli na lisisahaulike. Bado, kwenye kadi iliyosafirishwa ng'ambo, mapenzi yaliyotangazwa yalikuwa kwa mahali, na watu walikuwa sehemu ya mandhari.

Tena si kila mahali. Wapigapicha walifuata meli na reli. Pwani imejaa kwenye kadi. Usambara imo, kwa sababu ya ubaridi na mashamba ya Wazungu. Kilimanjaro usiseme. Ukienda bara kadi zinapungua mpaka reli ya kati inapofika: Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Nchi ya Wanyiramba ilikuwa mbali na njia hiyo, kavu, ya miiba na mawe makubwa. Hapana bandari wala mnazi.

Lakini palikuwa na dhahabu. Iligunduliwa Sekenke mwaka 1909, na mgodi uliofunguliwa pale unahesabiwa kuwa wa kwanza wa dhahabu kuchimbwa kibiashara katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kabla ya Geita kuwa Geita, na kabla ya Bulyanhulu kusikika redioni, kulikuwa na Sekenke.

Halafu vita ikaja. Manowari za Waingereza zikafunga pwani, na koloni likakosa kila kitu, zikiwemo fedha za chuma. Serikali ikachapa noti za karatasi duni ambazo watu hawakuziamini, na haki yao. Mwaka 1916 ikaanza kutengeneza sarafu zake yenyewe huko Tabora, katika karakana ya reli. Kwanza za shaba nyeupe na nyekundu, za heller 5 na 20. Na mwaka huohuo, kwa dhahabu ya Sekenke, sarafu ya rupia 15. Ni ndogo, upana wake milimita 22 hivi, uzito gramu 7 na ushee. Upande mmoja tai wa Kaiser. Upande mwingine tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na mambo yakaishia hapo.

Itazame vizuri sarafu hii, hata kwenye picha ya mtandaoni. Mnyama mkubwa mbele, mlima nyuma, jina la nchi kwa herufi kubwa. Hiyo ni postikadi! Imetengenezwa kwa dhahabu badala ya karatasi, lakini mpangilio ni uleule wa kadi za duka la Vincenti. Wataalamu wanabishana kama milima ile ni Kilimanjaro au Usambara. Sijamsikia hata mmoja akisema labda ni ukingo wa Sekenke. Dhahabu ilitoka kwetu, ikachorewa sura ya kwingine.

Ndiyo maana nasema kadi ya Sekenke ipo na haipo. Leo sarafu hiyo inauzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na wanaoinunua wanaipenda hasa, wanaijua hadi tofauti ndogo za nakshi chini ya tai. Wengi wataijua Sekenke kama neno moja katika maelezo ya mnada. Wakati huohuo pale Sekenke wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni, wanaponda mawe, wanaosha udongo.

Vizazi vya baadaye vilimjua Sekenke kwa njia nyingine: mlima. Kabla ya lami, dereva wa lori aliyekuwa anatoka Singida kwenda Nzega na Mwanza alipaswa kuushuka ule ukingo kwenye kona zake, na aliyekuwa anarudi aliupanda gia ya kwanza, utingo akitembea pembeni na kigogo cha kuzuia tairi mkononi. Usiku mzima magari yalilala pale. Kwa watu wa rika la wajomba zangu, ukitaja Sekenke wanavuta pumzi kwanza. Hayo nayo ni mapenzi ya aina yake, ila hayana kadi.

Au tuseme hayana kadi ya picha. Kwa sababu nilipokuwa nahangaika kutafuta "Gruss aus Sekenke" nilisahau kwamba sisi tulikuwa na Gruss yetu, tena kwa jina lilelile: kadi za salamu.

Waliozaliwa juzi huenda hawazijui. Ilikuwa karatasi ndogo, ngumu kidogo, inauzwa dukani pamoja na betri na viberiti. Imechapwa mistari. Unaandika jina lako, mahali ulipo, kipindi unachokitaka, halafu majina ya unaowasalimu, moja, mbili, tatu, na mwisho ujumbe. Unabandika stempu, unatuma kwa sanduku la posta la redio. Enzi za Radio Tanzania watu walikaa kimya kusikiliza. Kulikuwa na hata kipindi cha wagonjwa hospitalini, Ugua Pole. Baadaye Radio Free Africa ya Mwanza ikapokea kijiti kwa watu wa kanda ile. Mtangazaji anasoma: fulani bin fulani, akiwa Shelui, Singida, anawasalimu wafuatao. Jina la kijiji linapaa hewani, linasikika Bukoba, linasikika Songea. Watu walijipa majina ya utani yaliyobeba sehemu zao, wakajulikana nchi nzima bila kuonana sura. Wengine waliunda vikundi vya watuma salamu, wakatembeleana, wakazikana.

Weka kadi hizi mbili mezani uone. Ile ya Kijerumani ina picha ya mahali, na watu waliomo hawana majina. Hii yetu haina picha hata moja, na karibu yote ni majina ya watu. Mahali hapasifiwi. Hakuna aliyeandika kwamba Shelui ni pazuri sana, njooni muone. Anataja tu kwamba yuko huko, na kutoka huko anawakumbuka watu kumi. Kiswahili chenyewe kinafanya hivyo: mtu hasemi sana "naipenda Singida". Anasema "kwetu", neno ambalo ndani yake tayari mna wenzake.

Ya Kijerumani ina soko, ina vitabu vya bei, ina wataalamu. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kilinunua mkusanyiko wa Humphrey Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, na wakaziweka mtandaoni bure. Nawashukuru, nimezizunguka usiku mwingi. Lakini kadi ya salamu ikishasomwa hewani, imekwisha. Ilifanya kazi yake kwa sauti, karatasi ikabaki kwenye boksi, boksi likajaa, likachomwa au likafungiwa maandazi. Sikatai, hata mimi nimekula maandazi ya aina hiyo.

Ndiyo maana mwaka jana nilibadilisha ninachokusanya. Kadi za Gruss nimeziacha zilivyo, sinunui tena. Sasa naulizia kadi za salamu kwenye maduka ya zamani Kiomboi, Shelui na Singida mjini, kwa wenye maduka ambao hawakuwahi kusafisha rafu za juu. Hadi sasa nina 11. Tisa hazijaandikwa kitu. Ya kumi ina majina manne na imeishia katikati ya la tano. Ya 11 imejazwa yote kwa kalamu ya bluu, stempu imebandikwa, ila haikupelekwa posta. Kwenye mstari wa mahali, kwa herufi zilizokandamizwa hadi karatasi ikatoboka, imeandikwa SEKENKE, na anaowasalimu ni 14.