Jina la Kwao katika Wimbo: Kutoka Tanganyika hadi Tanzania

Katika Ekegusii, jina la nchi hufuatana na jina la watu. Abanchari hukaa Bonchari, Abagirango hukaa Bogirango. Shina ni lile lile, kinachobadilika ni kiambishi. Kwa hiyo mzaliwa wa Suneka, mji uliomo Bonchari, anapoimba kwao akiwa ugenini, huwaimba jamaa zake pia. Kaunti zilipochukua nafasi ya mikoa nchini Kenya mwaka 2013, Suneka ilitoka katika Mkoa wa Nyanza ikaingia katika Kaunti ya Kisii, lakini jina Bonchari halikuguswa.

Hali huwa nyingine pale jina la nchi linapotolewa na watawala. Tanganyika lilikuwa jina la ziwa kabla Waingereza hawajalifanya, mwaka 1920, kuwa jina la nchi waliyoitwaa kwa Wajerumani. Hapakuwa na kabila la Watanganyika. Hata hivyo jina hilo lilipata wimbo wake wa mapenzi, "Tanganyika, Tanganyika". Huo si sala, kama ulivyo wimbo wa taifa. Huisemesha nchi kama mtu amsemeshavyo mpenzi wake, na hulisifu jina lenyewe kwa utamu wake.

Hapo ndipo penye mtihani. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar, na mwezi wa Oktoba jina Tanzania likachukuliwa. Wimbo unaolisifu jina ungeweza kufa pamoja na jina hilo. Haukufa, na sababu mojawapo imo katika sauti. Ta-nga-nyi-ka na Ta-nza-ni-a yote yana silabi nne; irabu zake zinafuatana kwa mpango mmoja, a-a-i-a; na mkazo huangukia silabi ya tatu. Lahani haikuhitaji kurekebishwa.

Lakini wepesi huo wa sauti usifiche uzito wa maana. Kwa badiliko la neno moja, Zanzibar iliingia wimboni bila ya kutungiwa ubeti, na Tanganyika ikatoka bila ya kuagwa. Aliyejifunza wimbo huo enzi za Tanganyika aliendelea kuimba mapenzi yale yale, ilhali kwao kumepanuka. Mhakiki anayesoma maneno ya leo peke yake hawezi kuliona jambo hilo. Bonchari ni jina lililozaliwa na watu wake. Tanzania ni jina lililohitaji kupata watu, na wimbo ukawa miongoni mwa vilivyolipatia.