Siku 40 Salem bila Spika: mtoro aliyewapa wananchi wa Oregon sheria

Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo la Oregon, Marekani, iliwakatalia maseneta 10 wa jimbo kugombea tena. Kosa lao ni utoro. Mwaka 2023 walisusia vikao kwa wiki sita ili akidi isitimie, ilhali mwaka mmoja nyuma wapiga kura walikwishapitisha kwamba mbunge akikosa vikao 10 bila ruhusa, muhula unaofuata hana chake.

Kinachochekesha ni kwamba kanuni hiyo ilifika kwenye kura kwa saini za wananchi, na njia hiyo ya saini ililetwa na William U'Ren, mtoro hodari kuliko wote kumi.

U'Ren alikuwa mtoto wa mhunzi, na mwenyewe alipiga chuma kabla ya kusomea sheria. Alipofika Oregon alipokewa na akina Lewelling, wakulima wa cheri pale Milwaukie, na huko akasoma kitabu cha James Sullivan kuhusu Waswisi wanaojitungia sheria kwa kura.

Mwaka 1897, akiwa mbunge wa jimbo, alitaka hoja hiyo ya wananchi kujitungia sheria ipite. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyaandika mwanahabari Lincoln Steffens mwaka 1908, John Mitchell, seneta wa Oregon katika Seneti ya Marekani, alimwahidi msaada kisha akamgeuka. Mitchell naye alihitaji bunge hilohilo la jimbo limchague tena arudi kwenye kiti chake Washington. Basi U'Ren akaungana na Jonathan Bourne, tajiri wa migodi, aliyepanga vyumba mjini Salem, bunge lilipo, na kuwakirimu wabunge kwa vyakula na vinywaji ilimradi wasiende kula kiapo. Siku 40 zikapita, hakuna Spika, hakuna sheria hata moja, na Mitchell akakosa kiti. Steffens anamsamehe U'Ren haraka mno; mimi naona ni hujuma tupu.

Hatimaye marekebisho ya katiba yaliyoruhusu njia hiyo ya saini yalipita bungeni 1899 na 1901, na mwaka 1902 wananchi wakayaidhinisha kwa kura 62,024 dhidi ya 5,668. Kwa njia hiyo Oregon ilipata kura za mchujo 1904, haki ya kumng'oa kiongozi 1908, na wanawake wakapiga kura 1912.

U'Ren hakutosheka. Mwaka 1912, na tena 1914, wapiga kura waliletewa pendekezo la kulifuta kabisa Baraza la Seneti la jimbo. Mara zote mbili wakakataa, na mwaka huohuo wa 1914 wakamnyima U'Ren ugavana. Seneti ikabaki, na ndiyo hiyohiyo waliyoisusa wale kumi.