Mstari Mnyoofu Uliotoka kwa Mirathi



Kuanzia Mwingi mpaka Kibwezi, vijana wengi wetu tunabeba mifuko miwili. Wa shule una grafu ya y = mx + c, wa madrasa una mirathi. Tumezoea kudhani hizi elimu mbili hazijuani. Hebu tuangalie historia inasema nini.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Yapata mwaka 820 aliandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala, na jina hilo ndilo lililozaa neno aljebra. Al-jabr ni kuunga, kama kuunga mfupa: kilichopunguzwa upande mmoja unakirudisha kwa kuongeza pande zote mbili. Sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu ni hesabu za wasia na mirathi. Kugawa mafungu ya Suratun Nisaa kukiwa na deni na wasia ndani si kazi ya kukisia.

Chukua mfano wake mmoja. Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume. Ameusia theluthi ya mali apewe mtu wa nje. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na mwana mmoja alikuwa na deni lake la dirhamu 10. Fungu la huyu mwana litakatwa kwenye deni lake. Je, fungu ni ngapi?

Liite x. Mali ya kugawa ni 10 + x. Wasia unachukua theluthi, na kila mwana anabaki na theluthi. Kwa hivyo x = (10 + x) ÷ 3. Zidisha kwa 3: 3x = 10 + x. Basi 2x = 10, na x = 5. Zile 10 taslimu wanagawana mwana wa pili na mtu wa wasia, 5 kwa 5.

Sasa toa karatasi ya grafu. Chora y = x, ipite (2, 2) na (8, 8). Kisha chora y = (10 + x) ÷ 3: x ikiwa 2, y ni 4; x ikiwa 8, y ni 6. Unganisha kwa rula. Mistari miwili inakutana (5, 5). Hapo ndipo penye haki ya kila mtu!

Lakini tuwe wakweli. Al-Khwarizmi hakuchora grafu hii. Aliandika yote kwa maneno, na kisichojulikana alikiita "shay'", yaani kitu. Umar Khayyam (1048 - 1131) alitatua milinganyo migumu zaidi kwa kukutanisha mistari ya kupinda. Grafu ya leo ilikuja na Wafaransa wawili, Fermat na Descartes, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1637. Tusiseme ati kila kitu ni chetu. Elimu imepita mikono mingi.

Robert wa Chester alitafsiri al-jabr kwa Kilatini mwaka 1145, lakini sehemu ya mirathi haikuvuka. Ulaya ilipokea hesabu bila ile mirathi, na hivyo ndivyo ilivyotufikia darasani.

Ndugu msomaji, mjane au binti akidhulumiwa shamba, mara nyingine ni kwa sababu nyumbani hakuna anayejua kupiga hesabu ya fungu lake. Wewe unayefunzwa grafu shuleni na mirathi madrasa unaweza kuwa huyo mjuzi.

Jaribu hii baada ya futari: pesa taslimu ziwe 20 badala ya 10. Mstari wa pili utapanda, na mistari itakutana wapi? Ukipata (10, 10), umeelewa: fungu limelipa deni lote.

Ramadhan Karim.