Asili ya Vifupisho vya Kilatini katika Kiingereza

Mwanafunzi asomapo kitabu cha Kiingereza hukutana na vifupisho kama e.g., i.e. na etc. Huvikariri, huvinakili, na aghalabu huvichanganya. Kisha hujiona mjinga, akadhani ameshindwa na Kiingereza. Kumbe hapo amekutana na Kilatini.

Kwa karne nyingi Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa, sheria na elimu katika Ulaya ya Magharibi. Vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi za ndama na kondoo, nazo zilikuwa ghali; kwa hiyo waandishi walifupisha maneno ili kuokoa nafasi na wakati. Mwaka 1687 Isaac Newton, Mwingereza, alitoa kitabu chake mashuhuri, Principia, kwa Kilatini. Kile cha nuru, Opticks, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1704. Nayo sheria iliyokiondoa Kilatini katika kumbukumbu za mahakama za Uingereza ilianza kutumika mwaka 1733.

Wataalamu walipohamia Kiingereza walihama na vifupisho vyao pamoja na maneno mengi ya Kilatini, hata Waingereza wenyewe wakawa hawayaelewi. Mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alichapisha A Table Alphabeticall, kitabu chenye maneno magumu yapatayo 2,500 yaliyoelezwa kwa Kiingereza chepesi. Aliwakusudia hasa wanawake na wengineo ambao hawakupata elimu ya kutosha. Hicho huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Hapa pana funzo kwetu walimu. Kifupisho kisifundishwe kabla ya maneno yaliyofupishwa. E.g. ni exempli gratia, nasi tuna k.m., kwa mfano. I.e. ni id est, nasi tuna yaani. Etc. ni et cetera, nasi tuna n.k., na kadhalika. Tofauti ya viwili vya kwanza si ndogo. Tangazo likisema, "Leteni mifugo, k.m. ng'ombe, ichanjwe," mbuzi nao watapelekwa. Likisema, "Leteni mifugo, yaani ng'ombe, ichanjwe," mbuzi watabaki zizini bila chanjo.

Tukumbuke pia kwamba yaani na kadhalika yametoka katika Kiarabu, wala hayamtishi mtoto yeyote, kwa sababu aliyasikia yakisemwa kabla ya kuyaona yameandikwa. Basi vifupisho vya Kilatini navyo vipitie kwanza katika Kiswahili anachokielewa mwanafunzi, ndipo aviandike katika daftari lake. Naye aelezwe kwamba wenye Kiingereza walihitaji kamusi ya maneno magumu ya lugha yao wenyewe, asije akaona haya kunyoosha mkono darasani. Kuuliza si ujinga.