Taa za nje ya nyumba: nyaya na ethi (Timau)

Taa za nje ni taa za umeme zinazofungwa panapofikiwa na mvua, jua na umande: ukutani, langoni, uani au kwenye boma la ng'ombe. Timau, mji wa Kaunti ya Meru ulio kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kando ya barabara ya Nanyuki–Meru, una misimu ya mvua na ya kiangazi, na misimu hiyo hugusa moja kwa moja usalama wa taa hizo.

Ethi na udongo

Waya wa ethi huunganisha sehemu za chuma za taa na fito ya shaba iliyopigwa ardhini. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo ethi iliyopimwa wakati wa masika huweza kudhoofika kiangazi. Fito yenye ukinzani wa omu 100 ikiunganishwa na stima ya volti 240, hupitisha ampea 2.4 tu. Sakiti breka ya ampea 6 haitakata, na chuma kitabaki na umeme wa kuua. Kwa hiyo ethi huambatana na kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho hukata uvujaji ukifika miliampea 30, kwa muda usiozidi sekunde 0.3.

Ufungaji

Chini ya baraza, taa iwe na kinga ya IP44 au zaidi. Inayopigwa na mvua iwe IP65. Kebo ya ardhini iwe na deraya ya chuma, ifukiwe sentimita 50 au zaidi, jembe lisiifikie. Maungio yakae ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Utepe pekee hautoshi. Waya usipite juu ya ukingo wa mabati: ukichubuka, paa zima hushika umeme. Bomba la maji lisigeuzwe ethi, kwani mabomba mengi sasa ni ya plastiki. Kwa rangi za sasa, kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni ethi.

Sheria na ukaguzi

Chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwenye nyumba abonyeze kitufe cha majaribio cha kifaa cha kukata umeme unaovuja angalau kila miezi 6. Kisipokata, azime taa za nje na kumwita fundi mwenye leseni kabla ya kuziwasha tena.