Nani Alikuwako Kisiwani? Safari ya Kisiwa cha Hazina kutoka Riwaya hadi Mchezo

Makala haya yana nia ya kufuatilia historia ya kisiwa kimoja ambacho hakimo katika ramani yoyote ya mabaharia, lakini watu wamekifia mara nyingi sana na wiki ya pili wakarudi kukifia tena. Ni kisiwa cha mchezo. Najua wapo wahakiki wenzangu watakaoguna: fasihi na michezo, wapi na wapi? Nawaomba wavute subira kidogo, maana kisiwa hiki kimejengwa kwa mbao zilizong'olewa katika riwaya, tena baadhi yake ni riwaya ambazo babu zetu walizisoma shuleni kwa Kiswahili.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye anayeijua nchi, majoka yake na siri zake. Waliobaki, kila mmoja anabeba mhusika wake. Huyu askari, yule mchawi, mwingine mwizi wa kufungua makufuli. Msimulizi anaeleza wanachokiona, wachezaji wanasema watakachofanya, kisha dadu inarushwa (ipo hata yenye nyuso 20) ili kuamua kama upanga umepata au umekosa. Aliyesoma fasihi simulizi ataitambua picha hii hapohapo. Ni fanani na hadhira yake, ila hadhira hii haiishii kuitikia "pakawa". Inamnyang'anya fanani nusu ya hadithi na kwenda nayo itakako. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuupa mchezo huu kiti katika darasa letu.

Sasa, mashujaa waliochoka kuua majoka nao hutaka kupumzika. Msimulizi huwapeleka kisiwani, kwenye jua, mchanga mweupe na madafu. Mapumziko yenyewe hayafiki machweo. Na vituko vinavyowangoja huko ukivikusanya utaona ni vilevile: dhoruba iliyovunja jahazi, ramani iliyookotwa, mnyama mkubwa kuliko nyumba, hekalu lililofunikwa na msitu, maharamia, na kijiji cha watu wanaoogopa kitu fulani mlimani. Swali langu ni la kihistoria. Nani aliyetuachia orodha hii, na kwa nini imedumu hivi?

Ukoo wake ni mrefu, nami nitaupitia harakaharaka. Wa kwanza ni Sindbad wa Alfu Lela U Lela, aliyeshuka na wenzake kisiwani, wakawasha moto wapike, kumbe kisiwa ni samaki. Wachezaji wa leo wanamjua kiumbe huyo. Ndege wake mkubwa, rukh, naye yumo mchezoni, yule ambaye Marco Polo alisema habari zake zinatoka upande wa Madagaska. Anafuata Robinson Crusoe wa Daniel Defoe, mwaka 1719. Huyu tunamkumbuka kwa unyayo alioukuta mchangani na kwa mtu aliyembatiza Ijumaa. Ni wachache wanaokumbuka alikuwa safari gani jahazi lilipovunjika: alikuwa akitoka Brazil kwenda pwani ya Afrika kuchukua watumwa. Baadaye ikaja filamu ya King Kong, mwaka 1933, na kisiwa chake chenye ukuta mkubwa, wenyeji upande huu na sokwe upande ule. Filamu inakiweka kisiwa hicho magharibi ya Sumatra, yaani ndani ya Bahari ya Hindi. Jirani yetu kabisa, ingawa hakuna aliyetuarifu.

Lakini baba wa kisiwa cha mchezo, kwa hoja yangu, ni Mskoti Robert Louis Stevenson. Mwaka 1881, akiwa mapumzikoni Braemar kwao Scotland, mvua ikiwa imewafungia ndani, alichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wake wa kambo. Akaipaka rangi, akatia majina ya vilima na ghuba. Hadithi ikaja baada ya ramani. Aliitazama karatasi na wahusika wakaanza kujitokeza vichakani. Treasure Island ilichapishwa kwanza katika gazeti la watoto, kisha ikatoka kitabu mwaka 1883. (Ramani ile ya kwanza ilipotea ilipopelekwa kwa wachapishaji, ikabidi achore nyingine akiisoma riwaya yake mwenyewe ili vipimo vilingane. Masikini!) Tazama basi: kwanza ramani, halafu mahali, halafu tukio. Hivyo ndivyo msimulizi wa mchezo anavyofanya kazi mpaka leo.

Tutazame pia kilichoachwa nje ya ramani ile. Kisiwa cha Stevenson hakina mwenyeji. Wapo maharamia na Ben Gunn aliyetelekezwa, basi. Hazina ni ya Nahodha Flint, ambaye aliwaua mabaharia sita waliomsaidia kuifukia. Flint aliipora wapi, kwa nani, riwaya haijisumbui, na wale "wema" wanaoichukua mwishoni hawamtafuti mwenyewe. Utupu huo ndio unaoifanya hadithi iende mbio. Hakuna wa kumpigia hodi.

Riwaya hii haikutupita. Enzi za ukoloni wa Kiingereza Frederick Johnson aliifasiri, ikaitwa Kisiwa Chenye Hazina, na yeye huyohuyo alifasiri kitabu cha Rider Haggard kilichoitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambacho nacho kina ramani na hazina, safari hii hazina ikiwa Afrika. Wazee wetu walijifunza kusoma nathari ya Kiswahili kwa vitabu hivi. Fikiria mtoto wa pwani, ambaye baba yake ni mvuvi na anakijua kila kisiwa mpaka mwamba, anafundishwa darasani kwamba kisiwa ni mahali pasipo na mtu mpaka Mzungu afike na karatasi. Wala sisemi hivyo kumlaani Johnson. Kiswahili chake bado kina wapenzi wake, na mimi ni mmojawapo.

Turudi mezani. Mwaka 1981 David Cook na Tom Moldvay walitoa kisa cha mchezo kiitwacho The Isle of Dread, yaani Kisiwa cha Hofu. Kilifungwa pamoja na sanduku la mchezo lenyewe, kwa hiyo maelfu ya vijana walikifungua bila hata kukichagua, wakajifunzia humo namna ya kuendesha safari ya porini. Wachezaji wanapata kurasa za daftari la nahodha mmoja na ramani ambayo ufuko wake umechorwa, lakini bara yake ni vyumba vitupu vya pembe sita. Kazi yao ni kuvijaza, chumba baada ya chumba, wanavyotembea. Humo wamo majitu ya kale kama mijusi, ukuta mkubwa kama wa King Kong, nyanda za juu zilizofichika, na viumbe wa majini wanaotawala akili za watu.

Ila tofauti na Stevenson, Cook na Moldvay waliweka watu. Kusini, nyuma ya ukuta, viko vijiji saba. Kimoja ni Tanaroa, chenye koo nne. Hapa pana utata mtamu kwa mhakiki. Kama watu wanaishi kisiwani vizazi na vizazi, ile ramani ni tupu kwa nani? Mtu wa Tanaroa hana haja ya kujaziwa chochote. Lakini kisa kinamtumia kwa kazi moja kubwa: kuwadokezea wageni kwamba bara kuna lulu nyeusi. Akishasema hivyo, wageni wanashika njia, naye anabaki getini. Nimebishana na wenzangu juu ya hili mpaka mlinzi akaja kutufungia chumba cha semina. Wao wanasema mchezo ni mchezo, usiutwishe siasa. Mimi najibu kwamba sina ugomvi na mijusi. Ninachodai ni kwamba mhusika aliyepewa kazi ya kuonyesha njia tu ni mhusika bapa, na mhusika bapa ni kasoro ya kifani kabla hajawa kasoro ya kisiasa.

Na hapa historia inafanya kitendo ambacho mwandishi wa riwaya angeogopa kukibuni. Stevenson mwenyewe alikwenda kuishi kisiwani. Mwaka 1890 alihamia Samoa, akajenga nyumba Vailima, wenyeji wakamwita Tusitala, mwandishi wa hadithi. Akafia huko mwaka 1894. Miaka ile hakuandika tena kisiwa kitupu. Hadithi yake The Bottle Imp, ya chupa yenye pepo anayetimiza matakwa na kuiweka roho ya mwenye chupa rehani, ina shujaa Mhawaii, Keawe, na ilichapishwa kwa Kisamoa mwaka 1891. Yaani mtu wa kisiwani amekuwa shujaa, na papo hapo amekuwa msomaji. Halafu soma The Beach of Falesá. Kuna mfanyabiashara Mzungu, Case, anayewatisha wanakijiji kwa mashetani ya msituni. Mashetani yenyewe ni visanduku vyenye nyuzi za ala vilivyotundikwa mitini ili upepo uvipige, pamoja na sanamu iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani. Siri ya kisiwa haikuletwa na mizimu ya wenyeji. Imeundwa na mgeni kwa ajili ya faida dukani.

Sisi tuna ndugu wa hadithi hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anatupeleka mzimuni palipouawa mtu, na watu wako tayari kuamini kwamba wa kale wamemchukua. Bwana Msa na kiko chake hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani ndugu wa nani. Kisiwa cha Bwana Msa kimejaa watu tele, na ndiyo maana kina siri. Ninashangaa sana kwamba mchezo umemrithi Stevenson wa Braemar na kumwacha yule wa Vailima.

Je, inawezekana kucheza kisiwa cha aina hii? Naona inawezekana, tena kwa vitu vya baharini kwetu. Katika visa vingi dhoruba hupiga msimulizi apendapo. Kwetu upepo ni kalenda: vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, tuseme Desemba mpaka Machi, na kurudi na kusi. Basi wape wachezaji wako mapumziko, lakini wajue kwamba pepo zikigeuka kabla hawajapandisha tanga, watakaa kisiwani miezi, wale kwa mikono ya nani? Badala ya ramani yenye vyumba vitupu, wape utenzi. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliandika elimu ya safari kwa mashairi, na utungo wake mmoja unahusu njia ya kwenda Sofala kupitia pwani hii. Wachezaji wanaoshindwa kufasiri beti wapande mwamba. Wahakiki nao wataajirika hatimaye.

Kipo kisa kingine ninachokipenda zaidi, na ni chepesi. Mashujaa wanafika kisiwa kisicho na mtu. Kuna majivu ya zamani, chanja za kukaushia samaki, na kisima kilichofunikwa vizuri kwa mbao. Ramani yao inasema hazina iko hatua kumi kutoka kisimani. Wanachimba siku tatu, wanachoma zile chanja kwa kupikia, maji ya kisima yanaingia tope. Siku ya nne ngalawa kumi na mbili zinatokea mlangobaharini, zina wanawake, watoto, masufuria na nyavu. Kile kisiwa ni dago. Wavuvi huhamia hapo kila msimu. Mzee wa chombo cha mbele anashuka, analitazama shimo, anakitazama kisima, kisha anawasalimu. Msimulizi anawageukia wachezaji, na dadu zote bado ziko mezani hazijaguswa.